ASILI YA MANENO: Merikani, Leso na Kitenge

Wasomaji wetu wa Ikonge na wa nchi yote ya Gusii wanajua kuwa mtu akiingia dukani hasemi, "Nipe kitambaa cha pamba chenye uzi mnene, kisichotiwa rangi." Husema, "Nipe merikani," na mwenye duka huunyosha mkono juu ya rafu bila ya kuuliza neno la pili. Jina moja limebeba maelezo yote: uzito wa nguo, rangi yake, bei yake, na hata kazi itakayofanya nyumbani. Juma hili nataka kueleza baadhi ya majina hayo yalikotoka. Habari zenyewe zapendeza, lakini si hilo tu. Mtu asiyejua maana ya jina la nguo hudanganywa kwa urahisi, na siku hizi majina mazuri yanatumiwa sana kuuzia vitu visivyo vyenyewe.

Na tuanze na merikani, kwa kuwa ndiyo iliyotangulia nyingine nyingi kuingia bara. Tangu miaka ya 1820, mabaharia wa mji wa Salem, katika jimbo la Massachusetts huko Marekani, walikuwa wakifika Unguja kutafuta pembe za ndovu, ngozi na sandarusi. Mwaka 1833 Seyyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, alifanya mkataba wa urafiki na biashara na nchi hiyo, na mwaka 1837 balozi mdogo wa Marekani akaanza kazi yake mjini Unguja. Meli zile hazikuja tupu. Zilileta majora ya kitambaa cha pamba kilichofumwa katika viwanda vya Massachusetts, cheupe chenye umanjano kidogo kwa kuwa hakikung'arishwa kwa dawa, kizito, chenye kuvumilia jua, mvua na miiba ya njiani. Watu wa misafara wakakipenda, na kwa kuwa kilitoka kwa Wamerikani wakakiita merikani.

Sasa tazameni lililotokea baadaye. Mwaka 1861 Wamarekani walianza kupigana wenyewe kwa wenyewe, na vita vile havikwisha mpaka mwaka 1865. Pamba ya majimbo ya kusini haikuweza tena kuvifikia viwanda vya kaskazini, na meli za Salem zikapungua Unguja. Waingereza wakaleta nguo zao, na baadaye viwanda vya Bombay vikafuma kitambaa kinachofanana na kile cha kwanza. Lakini mnunuzi wa Tabora au wa Ujiji alikuwa amekwisha kulizoea jina. Nguo iliyotoka Bara Hindi, isiyopata kuiona Marekani hata kwa ndoto, ikauzwa kwa jina la merikani, na hakuna aliyeona ajabu. Jina lilikuwa limeiacha nchi likakaa katika uzi. Hapo ndipo tunapoona jambo moja litakalorudi mara nyingi katika makala hii, ya kuwa jina la nguo halitolewi na mfumaji. Hutolewa na mnunuzi, naye hulitoa kwa sababu zake mwenyewe.

Nguo hii haikuwa vazi tu, ilikuwa fedha. Msafiri Mwingereza Richard Burton, aliyesafiri kati ya pwani na Ziwa Tanganyika katika miaka ya 1857 hadi 1859, aliandika orodha ndefu ya nguo zilizotakiwa njiani, pamoja na merikani na kaniki, kwa maana kila nchi ilikuwa na nguo iliyoipenda, na msafara uliochukua isiyopendwa ulikuwa hatarini kulala njaa. Vipimo vyake vilikuwa vya mwili wa mtu. Mkono mmoja ni toka kiwiko mpaka ncha ya kidole. Mikono minne ilifanya shuka, na shuka mbili zilifanya doti, yaani yadi nne. Jora zima lilikuwa kama yadi 30. Neno doti lilitoka kwa Wahindi, ambao kwao "dhoti" ni ile nguo ndefu ambayo wanaume hujifunga kiunoni. Bibi anayenunua leso sokoni Ikonge leo akasema, "Nipe doti moja," akapewa vipande viwili vilivyoungana, anatumia kipimo cha wachukuzi wa pembe. Shuka nayo imetembea: kwetu imekuwa nguo ya kitandani, na kwa jirani zetu Wamasai ni lile vazi jekundu la miraba linalojulikana dunia nzima.

Kaniki niliyoitaja ni nguo ya pamba iliyotiwa nili, ikawa buluu iliyokoza karibu na weusi. Ilikuwa rahisi na haikuonyesha uchafu, na kwa sababu hizo ndiyo waliyovishwa watumwa wengi wa pwani, pamoja na merikani. Wasomaji na waliweke hilo moyoni, maana bila ya hilo hawataelewa kwa nini leso ilipendwa sana.

Kabla ya kufika huko, neno moja juu ya nchi yetu. Wazee wetu wa Gusii walivaa ngozi. Reli ilipofika Kisumu mwishoni mwa mwaka 1901, majora ya nguo yalipata njia mpya, na maduka ya Wahindi yakafuata reli. Kutoka Kisumu mizigo ikavuka kwa maji mpaka Kendu Bay na kupanda milimani kwetu. Kaki ilikuja kwa njia nyingine. Ilikuja mabegani mwa askari wa mwaka 1908, waliochoma nyumba na kuteka ng'ombe baada ya Otenyo kumchoma mkuki Bwana Northcote. Jina lake latokana na neno la Kiajemi na la Kihindi lenye maana ya vumbi au udongo, kwa kuwa askari wa Kiingereza huko Bara Hindi walitaka rangi isiyoonekana kwa mbali. Haikupita miaka mingi, nguo ile ile ya askari ikawa nguo ya karani, ya mwalimu na ya mtoto wa shule. Misheni nazo, kama ile ya Nyabururu iliyoanzishwa mwaka 1911, ziliwataka wanafunzi wao wavae nguo, basi ngozi ikaondoka pole pole.

Kwa Ekegusii nguo twaiita eyanga, na kwa wingi chianga. Wajaluo husema nanga. Wako wasemao kwamba maneno haya ni watoto wa kanga ya pwani, kwa kuwa yanalia namna moja. Mimi siafiki. Eyanga ni nguo yo yote, hata suruali ya mwanamume, na kanga ni nguo ya namna moja tu. Maneno mawili kufanana sauti si ushahidi wa undugu, kama vile watu wawili kuitwa Nyaboke hakuwafanyi kuwa wa nyumba moja.

Kanga yenyewe, ambayo sisi wa Kenya twapenda zaidi kuiita leso, ina majina mawili kwa sababu ina historia mbili zilizoshonwa pamoja. Leso ni neno la Kireno, "lenço", na maana yake ni kitambaa cha mkononi au cha kichwani. Wareno walifika pwani yetu mwaka 1498, na ingawa ufalme wao Mombasa ulikwisha pale Ngome ya Yesu ilipotekwa mwaka 1698, walituachia maneno kama meza, bendera, gereza na hili la leso. Sasa, katika karne ya 19 vitambaa vya namna hiyo vilikuwa vikija pwani vikiwa vimepigwa chapa katika kitambaa kirefu kimoja, ili mwenye duka akate na kuuza kimoja kimoja. Wanawake wa pwani wakafanya akili. Badala ya kununua kimoja walinunua sita bila ya kukatwa, vitatu na vitatu, wakavishona pamoja, wakapata nguo moja kubwa yenye mapambo ambayo hakuna duka lililokuwa nayo. Wenye maduka, kwa kuwa si wajinga wa faida, wakaagiza ng'ambo nguo iliyokwisha kupigwa chapa namna ile. Kwa hiyo si kiwanda kilichoanzisha vazi hili. Mabibi walilianzisha kwa sindano, na viwanda vya Ulaya na Bara Hindi vikawafuata.

Jina la kanga, kama wanavyoeleza wenyeji wa pwani, ni la yule ndege mwenye madoadoa meupe, kwa kuwa nguo za kwanza zilikuwa na vidoa vyeupe juu ya rangi nyeusi-nyeusi. Na wengine huongeza kwa mzaha kwamba kanga hawaendi ila kwa kundi, tena wakipiga kelele, na mabibi waliovaa nguo ile walikuwa vivyo hivyo. Mzaha huo nauacha kwa wanaume wenye ujasiri kuliko mimi.

Utumwa ulipigwa marufuku Unguja mwaka 1897. Watu waliokuwa wakivaa kaniki na merikani kwa kulazimishwa walikuwa sasa na uhuru wa kuchagua, na wanawake wengi walichagua kanga. Kuvaa nguo ya rangi, yenye pindo pande zote nne, tena doti nzima, moja kiunoni na moja kichwani na mabegani, kulikuwa ni kutangaza bila ya kusema: mimi si mali ya mtu. Ndiyo maana nasema leso si nguo ya kudharauliwa, ijapokuwa leo hapa kwetu twaifunga kiunoni tukienda kuchuma chai, na kubebea mtoto, na kufunikia kapu la ndizi.

Nguo hii ina sehemu tatu, na kila sehemu ina jina lake. Pindo ni ule ukingo unaoizunguka. Mji ni katikati yake. Na maandishi yale yaliyo chini ya mji, wenyewe wa pwani huyaita jina. Hebu fikirini neno hilo. Maandishi hayaitwi methali wala tangazo. Yaitwa jina, kana kwamba nguo ni mtu. Mfanya biashara mmoja wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, ambaye duka lake lilijulikana kwa chapa ya "Mali ya Abdulla", ndiye anayetajwa sana kuwa mwanzilishi wa kutia maneno katika leso, mapema katika karne ya 20. Kwanza maneno hayo yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, na baadaye kwa herufi hizi tunazotumia sisi. Tangu hapo mnunuzi hakutazama rangi peke yake, aliuliza pia, "Jina lake nini?"

Hapa nataka kusema na watu wa Ikonge hasa. Sisi twanunua leso kwa rangi. Harusi ikikaribia, au bibi akijifungua, au msiba ukitokea, ndugu huchanga fedha na kumtuma mtu sokoni, naye huchagua nyekundu au ya kijani iliyomvutia, hufungiwa, hurudi. Kiswahili cha leso ni Kiswahili cha pwani, chenye mafumbo, na wengi wetu hatukukinyonya kwa mama. Basi yawezekana kabisa mama mkwe akaletewa zawadi kwa heshima zote, mbele ya wageni, na leso ile ikawa imeandikwa "Hasidi hana sababu". Aliyeitoa hana habari. Lakini siku moja mjukuu aliyesoma atamsomea bibi yake maneno yale na kumweleza kuwa maana yake ni kwamba mwenye kijicho huchukia bure bila ya kukosewa. Bibi atafikiri nini? Ataihesabu miaka yote tangu harusi, atakumbuka kila neno alilopata kuambiwa na mke wa mwanawe, na kila neno litapata maana mpya. Pwani watu hununua leso kama hiyo kwa kusudi, wakamvalia jirani aliyewaudhi, na jirani akajibu kwa leso nyingine. Ni vita bila ya fimbo. Kwetu twaweza kuanzisha vita hivyo bila ya kujua kuwa tumevianzisha.

Dawa yake ni rahisi. Mwambie mwenye duka aikunjue nguo yote mpaka uone jina, na kama hulielewi, muulize mtu anayelielewa kabla ya kutoa fedha. Kwa msiba hutafutwa jina lenye kumtaja Mungu. Watu wengi wanalifahamu lile la "Sisi sote abiria, dereva ni Mungu". Kwa shukrani, "Wema hauozi" haliwezi kukuletea aibu. Ogopa yenye kutaja jirani, adui, maneno ya watu, au mapenzi ya siri. Vyama vya akina mama vinavyonunua leso za namna moja kwa wanachama wote yafaa viangalie mara mbili, maana hapo kosa huvaliwa na watu 30 siku moja, wakiwa wamejipanga mstari.

Jina la leso huweza pia kutunza habari za nchi. Mwaka 2008 Barack Obama, ambaye baba yake alizaliwa huku kwetu Nyanza, alipochaguliwa kuwa Rais wa Marekani, ilitokea leso yenye picha yake, nayo ikaandikwa "Hongera Barack Obama, upendo na amani ametujalia Mungu". Mambo ya dunia yana mzunguko. Marekani ilituletea nguo tukaiita kwa jina lake. Baada ya miaka 170 na zaidi, tukalitia jina la rais wake katika nguo yetu.

Kitenge sasa. Watu huchanganya kitenge na leso, lakini macho yakizoea hayakosei. Kitenge hakina pindo la kuzunguka pande nne, hakina mji wala jina; pambo lake hurudia rudia mpaka mwisho wa jora, kwa hiyo fundi wa cherehani aweza kukikata apendavyo na kushona gauni au shati. Congo ya mashariki hukiita kikwembe, na Zambia husema chitenge. Asili ya pambo lake ni mbali sana, kisiwa cha Java, ambako watu tangu zamani huchora juu ya nguo kwa nta, kisha huitia rangini; palipo na nta rangi haishiki. Waholanzi waliokitawala kisiwa hicho waliiga kazi hiyo kwa mashine katika karne ya 19. Kampuni ya Vlisco ya mji wa Helmond, iliyoanzishwa mwaka 1846, ingali ikiifanya mpaka leo. Soko lao kubwa likawa Afrika ya Magharibi, na huko nako mambo yakawa kama yalivyokuwa Unguja: kiwanda kiliipa kila nguo nambari, lakini wanawake wafanya biashara wa Lomé na wa Accra waliipa jina, na nguo isiyopewa jina na wale mabibi haikwenda sokoni vizuri.

Basi hapa ndipo penye hasara kwa mnunuzi wa leo. Neno "waksi", lenye maana ya nta, lilikuwa jina la kazi. Siku hizi limekuwa jina la bei. Nguo nyingi zinazouzwa kwetu kwa jina hilo hazikuguswa na nta. Zimepigwa chapa upande mmoja tu, na nyingine si pamba hata kidogo, bali ni nyuzi za poliesta. Siziiti mbaya. Mtu mwenye fedha kidogo ana haki ya kununua nguo ya fedha kidogo. Ubaya ni kuuziwa ya bei ndogo kwa bei ya kubwa, hasa majira yale ambapo bonasi ya majani chai imetoka na kila mwenye meza ya nguo anajua kuwa imetoka.

Igeuze nguo. Ya nta yenyewe ina rangi pande mbili, na ni vigumu kusema upi ni wa nje. Tazama karibu uone mishipa midogo ya rangi iliyopenya mahali nta ilipovunjika; katika nguo ya nta mishipa hiyo haifanani mahali pawili, na katika ya kuiga hurudia ile ile kila pambo linaporudia. Usiyaamini mno maandishi ya ukingoni, maana anayeweza kuiga pambo zima hashindwi kuiga maneno matatu. Mwisho, omba uzi mmoja kutoka ukingoni uuchome kwa kiberiti. Pamba huwaka kama karatasi, hunuka kama karatasi, na kuacha majivu mepesi. Poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Mwenye duka mwaminifu hatakataa uzi mmoja.

Viwanda vya huku kwetu navyo vilipata kutoa majina. Kiwanda cha nguo cha Jinja, Uganda, kilichoanza kazi katika miaka ya 1950, kilifanya watu wengi wa Kenya wakiite kitambaa kizito cha pamba "jinja", bila ya kufikiri juu ya mji ule ulio mahali Mto Nile unapotoka ziwani. Eldoret kulikuwa na Rivatex tangu miaka ya 1970. Kilifungwa, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na baada ya kutiwa mashine mpya kilifunguliwa tena mwaka 2019.

Nimebakiwa na nafasi ndogo, nayo nitaitumia kwa dera, lile gauni pana jepesi lililoenea Kenya yote katika miaka ya karibuni, ambalo wasomaji wawili watatu wameuliza habari zake. Jina hilo limetujia kwa Wasomali, nao walilipata katika Kiarabu, "dir'". Neno hilo la Kiarabu lina maana mbili: kanzu ya mwanamke, na vazi la chuma la mpiganaji vitani.

Juma lijalo nitaandika juu ya majina ya vyombo vya jikoni. Wasomaji wenye kukumbuka majina ambayo bibi zao waliyaita nguo za kwanza zilizofika Gusii na wayaandike katika barua, pamoja na jina la kijiji, nasi tutayachapa.